Mwaka wa Tangazo la Ndoo

Tulimzika Anatoli kule Miyuji siku ya upepo, ule upepo wa Dodoma unaoingiza vumbi hadi kwenye meno, na mara kwa mara mchungaji alilazimika kunyamaza akisubiri turubai litulie. Nilikuwa sijamwona marehemu kwa miaka mingi. Nilikuja kutoka Kongwa, ninakofundisha Kiswahili sekondari, kwa sababu Selemani alinipigia simu akasema, "Kaka ametutoka," nami sikuwa na haja ya kuuliza kaka gani. Baada ya maziko tulikaa kwenye viti vya plastiki, mimi, Selemani na Yohana, sahani za wali na maharage mapajani, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho kuona umri umemfanyia nini. Dada yake marehemu alipita akiwakaribisha wageni. Akasimama mbele yetu, akatukazia macho. "Nyinyi si ndio wale watoto wa Jumamosi?" Tukakubali, sisi watoto wenye mvi. "Na yule wa ndoo ni nani?" Selemani akaninyooshea kijiko. Yule mama alinishika bega, akaniambia kwamba kaka yake alikuwa akisimulia habari ya lile tangazo kila akipata msikilizaji, hata wodini. Nilirudi Kongwa jioni ile na mwaka mzima kichwani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati vitu vilipoanza kuja. Sijui namna nyingine ya kuusema wakati ule. Kabla yake vitu vilikuwa haba na kila mtu alijua vilipo. Kisha ghafla vikawa vinakuja, marobota ya mitumba, redio kaseti kutoka Dubai, sabuni za rangi, na watu kupunguzwa kazi, maana hilo nalo lilikuja humo humo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Muziki wetu ulitufikia kwa njia ya reli. Vijana wa Dar es Salaam walirekodi vipindi vya redio mpya za FM ambazo sisi bara hatukuzipata, wakawapa jamaa zao waliosafiri kwa treni, na kanda zikashukia stesheni ya Dodoma zikiwa zimefungwa kwenye soksi au katikati ya nguo. Ndani ya kanda hizo mlikuwa na rap ya Wamarekani, na katikati ya wimbo na wimbo mlikuwa na sauti ya mtangazaji akichanganya Kiswahili na Kiingereza, na matangazo ya maduka ya Kariakoo ambayo hatukuwahi kuyaona. Tulivikariri vyote. Selemani angeweza kukupa ubeti wa Kimarekani asiouelewa hata neno moja, akaunganisha bila kupumua na habari za magodoro na mapazia, kwa sababu kwenye kanda yake ndivyo vilivyofuatana. Kwetu yote yalikuwa hip-hop.

Kituo chetu kilikuwa duka la baba mdogo wa Selemani, Mzee Hemedi, jirani na soko. Lilikuwa duka la kurekodi kanda: ulileta orodha ya nyimbo uzitakazo, ukaacha kanda tupu, ukarudi keshoye. Mbele kulikuwa na meza na mashine, na Mzee Hemedi mwenyewe, kofia ya kiua kichwani, taarabu ikimtoka puani kwa mvumo mwembamba. Nyuma kulikuwa na chumba ambacho Selemani alikuwa amekibandika trei za mayai ukutani ili sauti isitoke, ingawa ilitoka. Chumba kilinuka gundi na tangawizi. Mchana mke wa Mzee Hemedi alituletea sinia la mihogo ya kuchemsha na kachumbari, na tulikula tukiwa tumechutama, maana viti vilijaa nyaya. Kupitia ukutani tulimsikia mzee akiwaeleza wateja. "Hao? Hao ni watoto wangu. Wanagombana kwa mpangilio." Nilipoingia mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, akaniuliza nimefuata wimbo gani. Nikamwambia nimefuata kuimba. Akanitazama kidogo, kisha akainua pazia nipite. Hakuuliza tena.

Yohana alikuja mwezi uliofuata. Alikuwa Mgogo kutoka Bahi, kwa bibi yake, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili alichokipima kabla ya kukitoa kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Selemani alimjaribu kwa kumchekea Kiingereza chake. Yohana akasema, "Mimi Kiingereza sijui, na wewe pia hujui. Afadhali tuimbe tunachojua." Akaanza kwa Kiswahili, mistari kuhusu baba mmoja wa reli aliyepunguzwa kazi na ambaye bado kila asubuhi anavaa sare yake, anakwenda stesheni kuangalia treni ikiondoka. Alipochoka na Kiswahili aliingia Kigogo, na kule mawe yakaisha, akawa anatembea nchi kavu. Viganja vyake vilipiga mapigo mawili kwa pamoja, moja la haraka na moja la polepole, namna wanavyopiga kwao kwenye ngoma. Nilijua siku ile kwamba tumeacha kuiga. Mimi nikaandika yangu juu ya jambo nililolijua kuliko mengine, nalo ni foleni ya maji. Mtaani kwetu bomba lilitoa maji siku lilipopenda. Tulipanga ndoo alfajiri, tukakaa juu yake, tukasikia habari za ndoa zote za mji.

*Nimeamka jogoo bado, ndoo kichwani mwangu,
Foleni imepinda kona, wa mwisho jina langu.
Bomba linakohoa, linatema kutu na upepo,
Meza ya mkubwa ina jagi, kwangu hata tone halipo.*

Nyimbo zetu wakati huo hazikuwa na mwisho. Mtu aliendelea hadi pumzi imwishie, kisha mwenzake akapokea. Hakuna aliyetuambia wimbo una urefu wake. Hilo tulikuja kuambiwa na redio.

Kituo kipya kilifunguliwa kabla ya mvua, chumba kimoja na korido, mlingoti juu ya kilima, na mji mzima ukazungusha vitufe kukitafuta. Nilikuwa sokoni siku ya kwanza. Mwuza nyanya, fundi viatu, kinyozi, wote walikuwa kwenye masafa yale yale, kiasi kwamba ulitembea kutoka kona hadi kona bila kupoteza sentensi. Tulizoea redio iliyotusemesha kutoka mbali kwa sauti ya serikali. Hii ilisema, "Leo pale Majengo kuna vumbi, funikeni vitumbua." Sauti hiyo ilikuwa ya Anatoli. Alikuwa ametokea Dar es Salaam, kijana kwa kweli, ingawa kwetu alionekana mtu mzima kwa sababu alichomekea shati. Alikuja dukani kwa Mzee Hemedi kutafuta nyimbo za zamani, akasikia fujo nyuma ya pazia, akapita bila kualikwa. Alitusikiliza akiwa amesimama, mgongo kwenye trei za mayai. Tulipomaliza akasema, "Nina nusu saa Jumamosi alasiri. Nawapa."

Selemani alikaa chini kabisa, sakafuni.

"Lakini," akasema Anatoli, na ndipo nilipojifunza kwamba redio ina *lakini* nyingi kuliko shule. Wimbo usizidi dakika nne, kwa sababu baada ya hapo panakuja tangazo. Uwe na kiitikio, kitu ambacho mama anayekaanga vitumbua anaweza kukishika bila kuacha kukaanga. Kigogo kisiwemo, mwenye kituo hataki lugha za makabila hewani. "Na wewe dada, una sauti nzuri. Utaimba hicho kiitikio."

"Mimi naandika mistari," nikamwambia.

"Najua, nimesikia. Lakini wasikilizaji wamezoea mistari kwa wanaume, na msichana anaingia pale katikati kulainisha. Ndivyo nyimbo za huko nje zilivyo."

Tulibishana baada ya yeye kuondoka, juu ya mihogo iliyopoa. Selemani alisema tuingie kwanza, mengine tutayadai tukiwa ndani. Yohana, ambaye alikuwa amenyang'anywa lugha nzima, alimenya kipande cha mhogo polepole akasema, "Mlango ukiwa mfupi unainama. Ila usisahau kunyanyuka." Nikakubali. Tulirekodi wimbo wa baba wa reli, nao ulikuwa mzuri, siwezi kusema haukuwa mzuri. Mkasi wa Anatoli uliupa umbo. Mistari iliyokuwa inazunguka ilinyooka, na kile kiitikio changu, ambacho hakikuwa na maneno zaidi ya *oo* na *mama*, kiliifanya stesheni ile isikike kuwa na huzuni kubwa kuliko tulivyokusudia. Leo wanafunzi wangu wanaponiuliza redio ilifanya nini kwa hip-hop, nawaambia wengine watasema iliizaa na wengine watasema iliihasi, na wote walikuwa nje ya chumba. Redio ilikuwa mkunga wetu. Ilitutoa salama, lakini kitovu ilikikata pale ilipotaka yenyewe.

Wimbo ulipendwa. Vijana walimsimamisha Selemani barabarani, kinyozi akakataa kumtoza. Kwenye banda la video, kabla ya picha ya mapigano kuanza, waliupiga, na wavulana wakaurudia wakitupa mikono kama walivyoona kwenye kanda za televisheni zilizorekodiwa Dar. Yohana aliitwa "Baba wa Reli." Mimi niliitwa "yule wa oo." Bombani jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye ndimi mbili, aliniuliza mbele ya foleni, "Damari, wenzako wanaongea, wewe mbona unaumwa tumbo tu?" Wanawake wakacheka, nami nikacheka nao, lakini maji yalipotoka nilijaza ndoo yangu nikaenda moja kwa moja kituoni, ndoo nikaiacha mlangoni.

Anatoli alikuwa koridoni, amekunja uso. Alikuwa na shida yake. Aliyekidhamini kipindi cha Jumamosi alikuwa Bi Zuhura, mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki, mmoja wa wale wenyeji wa mjini ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Bi Zuhura alikuwa amesikiliza tangazo alilosomewa na Anatoli, akarudi kulalamika kwamba linamfanya asinzie, na kama ndoo zake zinasinziza basi pesa yake atapeleka kwingine. Alikuwa bado yupo, amekaa kwenye benchi, mtandio wa zambarau, akinitazama mimi na maji yaliyonilowesha bega.

"Kaka Anatoli," nikasema, "nataka dakika zangu."

"Damari, si leo."

"Basi nipe tangazo."

Akacheka. Nikamwambia, "Tangazo halina mazoea. Hakuna aliyesema lazima liwe la mwanaume." Sikumsubiri ajibu. Nilimgeukia Bi Zuhura, nikamwamkia, akaitikia, na pale koridoni, bila biti, nikipiga paja langu, nikampa foleni yangu yote tangu jogoo hadi jagi, kisha nikaunga mistari miwili niliyoitunga hapo hapo nikiwa nimesimama:

*Siku yakitoka, usikutwe na chombo kinachovuja,
Shika ndoo ya Bi Zuhura, simama nayo, yatakuja.*

Bi Zuhura hakutabasamu. Alinyanyuka, akaweka sawa mtandio. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akamwambia Anatoli, "Hili ndilo. Lirekodiwe sasa hivi, kabla huyu mtoto hajakauka."

Tangazo lilipigwa asubuhi, mchana na alasiri. Jambo hilo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: wimbo wa wavulana ulikuwa ukisikika mara moja kwa wiki, na tangazo langu kila siku, baada ya habari, kabla ya salamu, kila palipobaki nafasi. Kabla ya wiki kwisha niliisikia foleni ya bombani ikinirudia kwa pamoja, hata yule jirani wa ndimi mbili, ambaye alinipisha nichote mbele yake. Watoto wa shule waliliimba wakirukia kamba. Walipofika *jagi* waliongeza sauti. Na ni hilo jagi lililotuletea taabu. Meneja wa kituo, bwana mwangalifu, mwenye kalamu nyingi mfukoni, alituita wote ofisini kwake, na Bi Zuhura akaitwa pia.

"Mkubwa ni nani?" akaniuliza.

"Mkubwa yeyote, bwana meneja."

"Huu ni mji wa wakubwa. Wanakuja kwa vikao, wanakaa mezani, na mezani kuna jagi. Unaniweka wapi mimi?" Hakuwa mkali. Alikuwa anaogopa, na leo ninaielewa hofu yake. Redio binafsi zilikuwa changa, hakuna aliyejua kamba ina urefu gani. "Tutoe mstari mmoja tu. Tangazo litabaki."

Nilimtazama Anatoli. Nilitegemea mkasi wake. Alijifuta paji la uso, akasema polepole, "Bwana meneja, mimi ndiye mkataji hapa. Nimekata mengi mwaka huu. Huu mstari nimeujaribu, ukiutoa, ndoo inabaki haina sababu." Naye alikuwa kijana wa watu, mgeni mjini, kazi yake mezani pamoja na yangu. Bi Zuhura akamalizia. "Tangazo ni langu. Mimi nina nyumba, nina bomba, na bomba langu nalo linakohoa. Wakiniuliza mkubwa ni nani, nitawaambia ni mimi. Jagi ninalo, nauza majagi."

Meneja alilisimamisha tangazo hata hivyo, "kwa muda." Lakini mji ulikuwa umeshalimeza. Watu walipita kwenye dirisha la kituo wakiuliza ndoo imekwenda wapi. Wanawake waliotoka kuchota walisimama nje wakiwa na mizigo yao kichwani, si kwa maandamano, walikuwa wanapita tu, lakini walipita taratibu mno. Kila Anatoli alipopokea salamu, waliozileta walimwomba awapigie "ile ya foleni." Jumamosi moja meneja akaingia studio mwenyewe, akamwambia, "Rudisha. Na yule binti mpe huo wimbo mzima, tusikie unaishia wapi." Wala hakikutokea kitu. Hakuna mkubwa aliyepiga simu. Huenda waliucheka na wao, mezani, wakimimina maji.

Hivyo nikapata dakika zangu nne. Nilirap peke yangu, beti tatu, na kwenye kiitikio Selemani na Yohana waliimba *oo* na *mama* kwa sauti za puani, wakijizuia kucheka, huku Mzee Hemedi akisikiliza dukani na taarabu yake ameizima. Aliniambia baadaye, "Sasa mnagombana vizuri." Selemani hakuacha tena kazi ya sauti, leo ana studio yake Dar es Salaam. Yohana alirudi kwenye kilimo. Anatoli alibaki Dodoma maisha yake yote, akafungulia wengine mlango ule ule, na nasikia kwamba tangu mwaka ule hakumwambia tena msichana yeyote alainishe.

Mvua zilipokolea, Yohana alinialika Bahi kumsalimia bibi yake. Tulipanda lori la mchele linalorudi tupu, na tulipofika nchi ilikuwa kioo, majaruba ya mpunga yamejaa maji hadi upeo wa macho, ng'ombe wamesimama kwenye vituta wakiwa hawana pa kwenda. Bibi alitulisha ugali wa uwele na kambale mbichi wa mchuzi, akauliza habari za kila mtu mjini hata asiowajua. Kesho yake tulikwenda shambani, ambako wanawake walikuwa wanapandikiza mpunga, wameinama mstari mmoja, matope yamewafika magotini, na walikuwa wanaimba. Ilinichukua muda kuelewa ninachosikia. Ilikuwa Kigogo, sauti zimepandana, mmoja anaanza juu na wengine wanamjia kutoka chini, na ndani yake, ukitega sikio tu, palikuwa na foleni yangu.

Yohana alinitafsiria kwa mnong'ono. Walikuwa wameichukua redioni, wakaigeuza. Ndoo haikuwamo, kwa kuwa huku maji si ya ndoo. Mkubwa wao hakuwa na jagi. Alikuwa mwenye jaruba la juu, anayefungulia mfereji shamba lake kwanza na kuwaachia wa chini mabaki. Kigogo kilichokatazwa hewani kilikuwa kimeupokea wimbo kutoka hewani, na hakuna meneja aliyeulizwa. Mapigo ya Yohana, yale mawili kwa pamoja, yalikuwa kwenye miguu yao ikichomoka matopeni.

"Waambie ni wako," Yohana akasema.

Nikavua viatu, nikapandisha kanga, nikaingia jarubani. Mama mmoja wa makamo akanisogezea miche bila kuuliza mimi ni nani. Niliinama nao, nikaanza kuimba kwa Kiswahili palipokuwa pangu. Tulipofika mwisho nikasema *yatakuja*, na yule mama akaacha kupanda, akanigeukia.

"Hapo unakosea, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili cha taratibu. "Hatusemi yatakuja. Huku tunasema tutayafuata."

"Tutayafuata," nikarudia.

"Eeh. Tena kwa sauti, yule wa juu asikie."

Tukapanda hadi jua likawa kali. Jumamosi iliyofuata, mbele ya maikrofoni, Anatoli aliponinyooshea kidole kwamba tuko hewani, niliuimba kama walivyonifundisha.